Maoni: Kabla ya rangi na muziki, tutengeneze kwanza direksio

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wa bonde la Ruzizi, na ninyi mliokimbia makwenu na kupokelewa hapa Kiringye, Luvungi, Uvira au ng'ambo ya mto kule Cibitoke, leo siandiki juu ya mapigano. Naandika juu ya magari yanayotubeba katika barabara ya taifa nambari 5, na hasa juu ya sehemu ambazo abiria hawazioni: direksio na miguu ya mbele ya gari. Maoni yangu ni haya: mwenye gari la zamani akipata feza ya kulirekebisha, aiweke kwanza pale, kabla ya rangi mpya, muziki na maandishi makubwa kwenye kioo. Na sisi abiria tunayo haki ya kuuliza kama amefanya hivyo.

Magari yetu mengi ni ya zamani, na hilo si aibu. Land Cruiser ya aina ya 40 Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 1984, na ile ya aina ya 60 ilitoka kati ya mwaka 1980 na 1990. Huko Ulaya na Marekani mtu akiwa na moja ya magari hayo anaiosha, anaifunika turubai na kuitoa siku ya Jumapili kwa kujifurahisha. Kwetu gari la umri huo bado liko kazini. Linapanda Lemera na magunia, linashuka na mihogo, mgonjwa na mama mjamzito. Kwa hiyo wenzetu wa mbali wakibadilisha direksio ya gari la zamani, wanatafuta raha ya kuendesha. Sisi tunatafuta kufika.

Tuangalie kwanza mambo haya yanavyofanya kazi, maana wengi wanapanda bila kujua wanategemea nini. Shofere akizungusha usukani, nguvu inapita katika shafti, inaingia katika bwate ya direksio, inasukuma fimbo za chuma zinazokwenda hadi kwenye magurudumu. Kwenye ncha za fimbo hizo kuna rotile. Rotile ni kichwa cha chuma cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chenye grisi, kama mfupa wa paja unavyozunguka ndani ya nyonga. Juu yake kuna mpira mdogo wa kuzuia uchafu. Mpira huo ukipasuka, vumbi la kiangazi linaingia, kisha maji na matope ya masika. Grisi inatoka, chuma kinasaga chuma, na rotile inaanza kucheza. Ikicheza sana, kichwa kinaweza kuchomoka kwenye kikombe. Saa hiyo shofere anazungusha usukani upande huu, gurudumu linakwenda upande wake. Hakuna ufundi wa kuendesha unaoweza kuokoa gari hapo.

Wenye magari wanasema kosa ni la barabara. Nakubali nusu. Mashimo kati ya Luvungi, Bwegera, Luberizi na Sange yanapiga miguu ya mbele kuliko lami yoyote, na mvua ikinyesha milimani mito inashuka na mawe hadi barabarani. Lakini kama barabara ni mbaya, hiyo ndiyo sababu ya kukagua rotile mara nyingi zaidi. Mtu anayejua kwamba njia yake ina miiba hatembei na viatu vilivyotoboka halafu akalaumu miiba peke yake.

Sasa nizungumze juu ya marekebisho yenyewe, kwa sababu katika magaraji yetu kuna yale yanayosaidia na kuna yale yanayoficha ugonjwa.

La kwanza ni kusude rotile iliyochakaa. Hilo tulikatae wote. Chuma cha rotile kimekazwa kiwandani kwa moto uliopimwa. Ukikipiga moto wa sudire, ugumu ule unaharibika, na chuma kinaweza kukatika ghafla. Grisi ya ndani inaungua. Na rotile iliyosudewa mpaka haizunguki inavunja kitu kingine, maana gurudumu linahitaji kupanda na kushuka. Rotile iliyokufa inabadilishwa. Hata ile ya mitumba iliyotolewa kwenye gari lingine ipimwe kwanza kwa mkono mbele ya macho yako.

La pili ni amortisa ya direksio. Kwenye Land Cruiser za zamani zenye eksi nzima ya mbele na resori za vyuma bapa, gari likipiga shimo usukani unaweza kuanza kutetemeka na usiache mpaka shofere apunguze mwendo sana. Wengine wanakimbilia kufunga amortisa mpya ya direksio. Mtetemo unapungua, abiria wanafurahi. Lakini mara nyingi ugonjwa uko kwenye rulema za pivo, kwenye rotile, au kwenye mipira ya resori iliyokwisha. Amortisa inanyamazisha kelele tu, na kilicholegea kinaendelea kulegea. Ni kama kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kichwa na kumrudisha shambani.

La tatu ni kuinua gari. Kwenye Hiace za miaka ya 1990 miguu ya mbele inashikiliwa na fimbo ndefu za chuma zinazojipinda, zinazoitwa bara ya torsio. Fundi akizikaza, gari linainuka na kupita mashimo bila kugusa chini. Kuinua kidogo hakuna shida. Ukikaza kupita kiasi, rotile zinakaa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, zinakwisha haraka, na magurudumu yanakula mpira upande mmoja. Kila mara gari linapoinuliwa, paralelisme ipimwe upya. Mtu akikwambia haina haja, huyo anauza kazi nusu.

La nne ni direksio ya hidroliki kwenye magari ambayo hayakuwa nayo. Hilo ni zuri likifanywa vizuri. Shofere wa Land Cruiser ya aina ya 40 anayepanda kona za milimani kutwa nzima anachoka mabega, na shofere aliyechoka ni hatari. Mafundi wanatoa bwate kwenye Land Cruiser ya aina ya 60 na kuifunga. Ila bwate hiyo inakaa kwenye shasi, na shasi ya miaka 40 ina kutu. Inatakiwa kusafishwa, kupimwa na kuongezwa bati nene pale bwate inaposhikwa. Ukifunga bwate yenye nguvu kwenye shasi iliyooza, shasi inapasuka polepole bila mtu kuona.

La tano ni kuhamisha usukani kutoka kulia kwenda kushoto. Magari mengi yanatoka Japani na kupitia bandari ya Dar es Salaam, yakiwa na usukani kulia, wakati sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Mwaka 2013 serikali ya Kinshasa ilitangaza kukataza kuingiza magari ya usukani kulia, na kazi ya kuhamisha usukani imekuwa biashara katika magaraji. Mwenye gari akikuonyesha usukani umekaa kushoto usitosheke. Uliza shafti ilitoka wapi. Kama ni shafti ya asili iliyotoka kwenye gari la usukani kushoto, sawa. Kama ni vipande vilivyokatwa na kuunganishwa kwa sudire, maisha ya watu 18 yanashikiliwa na alama moja ya sudire. Tena kuhamisha usukani hakuhamishi mlango. Hiace ya Japani ina mlango wa abiria upande wa kushoto, na kwetu upande huo ni katikati ya barabara. Watoto wanashukia mbele ya malori. Konvuayeri ashuke kwanza na kusimama, kila mara.

Kwa nini nasema hayo kwenu hasa, familia zilizokimbia? Kwa sababu ninyi ndio mnaopanda magari mabaya kuliko wote, na siku mbaya kuliko zote. Siku ya kukimbia hakuna mama anayeinama kuangalia rotile. Risasi zinalia nyuma, gari lolote linalokwenda ni gari zuri, watu wanapanda hadi juu ya paa na magodoro, masufuria na mbuzi. Sasa fikirini uzito huo unafanya nini. Mzigo ukijaa nyuma, gari linakaa chini nyuma na kuinuka mbele. Magurudumu ya mbele yanashika barabara kidogo, usukani unakuwa mwepesi, na shofere anadhani gari limekuwa laini, kumbe halimtii tena vizuri. Kama miguu ya mbele ilikuwa imelegea tangu zamani, ndiyo siku itakayojionyesha.

Ndiyo maana kazi hii inafanywa siku za utulivu. Gari litakaloibeba familia yako siku ya hatari linatengenezwa au kuharibiwa leo, siku ya soko, wakati mwenye gari anapoamua kama feza ya wiki inakwenda kwenye rotile au kwenye baffle.

Sisi wa barabara hii tunajua gari likitoka njiani linaweza kuleta nini. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, likawaka, na zaidi ya watu 230 wakafa. Sisemi direksio ndiyo ilikuwa sababu. Nasema tu kwamba nyumba zetu ziko karibu na barabara, masoko yetu yako juu ya barabara, na gari lisilotii usukani haliui waliomo ndani peke yao.

Kuna watakaosema rotile ni ghali, mpaka ukifungwa bidhaa hazipiti, na vizuizi vya njiani vinakula faida yote. Ni kweli, na shofere haachiwi mzigo huo peke yake. Mara nyingi gari si lake. Jioni anapeleka versema kwa mwenye gari, na akisema rotile inacheza anajibiwa amalize wiki kwanza. Basi lawama yangu iko kwa mwenye gari anayepokea versema kila jioni. Katika versema hiyo atoe kidogo kila siku, kikae kando, kiitwe feza ya miguu ya mbele, na kisiguswe kwa jambo lingine.

Chama cha mashofere, ACCO, kingeweza kusaidia kwa jambo dogo: shimo moja la kukagulia Luvungi na lingine Sange, lenye kriki nzuri, chuma cha kuinulia na fundi mmoja anayeaminika. Gari likaguliwe mara moja kwa mwezi, na fundi aandike alichokiona katika daftari. Karatasi ya kontrole teknike haina faida kama hakuna aliyeingia chini ya gari. Na mashirika yanayokodi magari ya kubeba wakimbizi au chakula, kabla ya kusaini mkataba yaombe daftari hilo. Wao wana nguvu ya feza ambayo abiria hana.

Wakati huo huo, haya abiria na shofere wanaweza kufanya wenyewe bila kulipa. Gari likiwa limesimama na moto umezimwa, magurudumu yakiangalia mbele, shofere acheze usukani polepole kushoto na kulia. Kama unatembea zaidi ya sentimita 3 kabla gurudumu halijasogea, kuna kitu kimelegea. Gari likiinuliwa kwa kriki, shika mpira juu na chini, utikise. Ukicheza, angalia rulema, pivo au rotile ya mguu. Shika kushoto na kulia, utikise. Ukicheza upande huo, angalia rotile za fimbo. Chungulia kama kila nati ya rotile ina gupiye yake. Ukikuta waya wa kufungia mbuzi mahali pa gupiye, shuka. Na mpira wa mbele uliokwisha upande wa ndani peke yake unakueleza habari yote bila kuinua gari.

Najua shofere wengine watakasirika mama akiwauliza maswali hayo stendi. Ndugu shofere, usikasirike. Wewe ndiye unayekaa mbele, na wewe ndiye wa kwanza kufikiwa. Mama huyo akiuliza, anakusaidia kumwambia mwenye gari maneno ambayo wewe peke yako hukusikilizwa.

Kenya, mwaka 2004, waziri John Michuki aliwalazimisha wenye matatu kufunga mikanda na vidhibiti mwendo. Wenye magari walilalamika na kugoma, lakini kanuni zikaingia. Sisi hapa hatuna haja ya kusubiri waziri. Tuna stendi, tuna chama, tuna mafundi, na tuna midomo ya kuuliza. Kesho asubuhi ukifika stendi ya Luvungi au Sange, kabla ya kulipa nauli, uliza: rotile za mbele zilikaguliwa lini?