Tahadhari: kampuni yenu ikiuzwa, wekeni karatasi zenu mkononi leo

Vijana wa Cibitoke, Burundi, mnaoandika programu au kuhudumia wateja wa kampuni za nje kupitia intaneti, mkisikia kampuni imeuzwa, msisubiri mkutano wa bosi mpya. Mnunuzi huwa anataka programu na wateja. Pale ambapo pande zote mbili zina watu wa kazi ileile, upande mmoja hupunguzwa, tena upesi.

Kwa mfano, Elon Musk alikamilisha ununuzi wa kampuni ya Twitter tarehe 27 Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44. Kufikia tarehe 4 Novemba, karibu nusu ya wafanyakazi wapatao 7,500 walikuwa wameambiwa kazi imekwisha. Wengine walijua baada ya kushindwa kufungua kompyuta zao usiku. Ofisi ya Twitter ya Afrika ilikuwa Accra, Ghana. Wafanyakazi wa huko walikuwa wamehamia jengo lao siku chache tu kabla, na barua pepe ikawafuata humohumo. Sheria ya kazi ya Ghana ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe taarifa miezi 3 kabla ya kupunguza wafanyakazi na kujadiliana malipo. Hata hivyo ilibidi wafanyakazi hao wakodi mwanasheria, na katikati ya mwaka 2023 walikuwa bado wanadai malipo yao.

Hao wa Accra walikuwa na mikataba inayoeleweka. Ninaowahofia zaidi ni ninyi mlioajiriwa kupitia wakala, ambao hamjui hata jina la kampuni inayowalipa.

Kwa hiyo leo, kabla nywila haijafungwa, toeni nakala za mkataba, karatasi za mshahara, michango ya hifadhi ya jamii (INSS) na siku za likizo mnazodai. Ziwekeni nyumbani. Data za wateja na kazi za kampuni msiziguse, msije mkampa mwajiri sababu ya kuwashitaki. Wala msichukue mkopo mpya kwa kutegemea mshahara huo.

Burundi ina Sheria ya Kazi iliyorekebishwa tarehe 24 Novemba 2020, na wakaguzi wa kazi wapo. Mkaguzi atawaomba karatasi kwanza.

Kuna karatasi moja ya hatari: ile ya Kifaransa isemayo umelipwa yote na huna dai tena. Huletwa pamoja na pesa kidogo, na haraka nyingi. Wazazi, kijana akirudi nayo bila saini, mzuieni asiisaini mpaka isomwe na mtu wa chama cha wafanyakazi (sendika) au mwanasheria.