Hewa ya Kitalu Nyumba Nayo Ipimwe

Mkulima wa nyanya anaponunua kiuatilifu, akishajua bei huuliza asubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Anauliza vyema, maana mlaji analindwa. Lakini kuna kibarua atakayeingia kesho yake asubuhi kufunga kamba na kupogoa machipukizi, na saa za yeye kusubiri ni nadra kuulizwa. Hapo ndipo kilimo cha kitalu nyumba kilipolegea: tunda lina ulinzi kuliko mapafu ya anayelihudumia.

Katika shamba la wazi, upepo hupeperusha ukungu wa dawa, na jua na mvua huyapunguza mabaki. Ndani ya nailoni mambo hubadilika. Joto hugeuza kuwa mvuke dawa iliyokwisha kutua majanini, na wavu wenye matundu madogo kiasi cha kuwazuia inzi weupe hupunguza pia upepo unaoingia. Tangu kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, aingie Tanzania mwaka 2014, kishawishi cha kupiga dawa mara kwa mara kimezidi. Viuatilifu vya jamii ya organofosfati huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, na dalili zake, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu, jasho na kichefuchefu, ni rahisi kudhaniwa uchovu wa joto. Mtu hunywa maziwa akiamini yanasafisha sumu, kisha hurudi kazini. Maziwa hayaiondoi sumu iliyokwisha kupita mapafuni, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inayozuia ni barakoa ya kinga yenye kichujio cha kaboni, nacho huisha nguvu.

Wapo wanaosema kitalu nyumba hupunguza wadudu, hivyo na dawa. Ni kweli wavu ukiwa mzima na mlango ukifungwa, ila hata dawa kidogo hukaa muda mrefu palipofungwa. Wengine hulalamikia gharama, nami nakubali vifaa vya kinga ni ghali kwa mkulima mdogo. Kusubiri, hata hivyo, hakuna bei ya dukani. Kanuni za Marekani, kwa dawa zinazopulizwa kama ukungu au moshi ndani ya kitalu, zinakubali saa 4 za kufungua madirisha ya hewa, au saa 24 pasipo hewa kupita, pale lebo isipotaja kipimo chake.

Almería, Hispania, yenye zaidi ya hekta 30,000 za vitalu, inaonyesha kwamba mazoea hubadilika. Mwishoni mwa 2006 Ujerumani ilikuta pilipili hoho za huko zina mabaki ya dawa isiyoruhusiwa, na katika misimu michache wakulima wa hoho wakageukia kwa wingi wadudu rafiki wanaokula waharibifu. Kilichowasukuma ni hofu ya kupoteza soko. Wapulizaji walinufaika kwa bahati. Sisi tusiwaachie bahati hiyo vibarua wetu. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ihakikishe kila lebo inataja kwa Kiswahili saa za kusubiri kabla ya kuingia kitaluni, wapulizaji wapimwe damu kila msimu, na bwana shamba anayekagua nyanya akague pia madirisha ya hewa.