Ligi ya wasichana ianzie Kaloleni

Oktoba 2024, Junior Starlets ya kocha Mildred Cheche ilicheza Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi miaka 17 katika Jamhuri ya Dominika. Hakuna timu ya soka ya Kenya, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imefika Kombe la Dunia la FIFA kabla yake. Ililazwa 2-0 na Uingereza, ikalazwa 3-0 na Korea Kaskazini iliyoishia kutwaa kombe, kisha ikaipiga Mexico 2-1. Mwaka uliofuata kombe hilo lilipochezwa Morocco, timu zilikuwa zimeongezwa kutoka 16 hadi 24. Afrika iliwakilishwa na Morocco, Nigeria, Zambia, Cameroon na Ivory Coast. Kenya haikuwamo.

Nafasi ziliongezeka, nasi tukakosekana. Lawama hizo si za wachezaji. Timu ya watoto huingia uwanjani na kile tu ambacho watu wazima wameiandalia, na maandalizi ya Kenya yamekuwa ya msimu: kambi hufunguliwa mechi za mchujo zikikaribia, kisha hufungwa timu ikitolewa.

Mtindo huo sasa umepitwa na wakati. Zamani kombe hili lilichezwa kila baada ya miaka miwili. FIFA imeamua lichezwe kila mwaka nchini Morocco kuanzia 2025 hadi 2029. Hakuna tena mwaka wa kupumzika na kujipanga upya. Nchi isiyo na ligi ya kudumu ya chipukizi itakuwa inaokota kikosi kipya kila mara, na kila mara itakutana na wapinzani waliocheza pamoja tangu utotoni.

Msichana aliyezaliwa 2012 katika mtaa wa Kaloleni, Kisumu, atakuwa bado na umri unaokubalika kwa kombe la 2029. Swali ambalo Shirikisho la Soka Kenya (FKF) na Kaunti ya Kisumu wanapaswa kulijibu ni jepesi: Jumamosi hii anacheza ligi gani, chini ya kocha yupi, na nani ameandika jina lake? Kwa kiasi kikubwa, wasichana wa kandokando ya Ziwa Victoria huonekana kupitia michezo ya shule za sekondari. Michezo hiyo imefanya kazi kubwa, lakini inafuata kalenda ya masomo. Muhula ukifungwa, mpira hufungwa pia. Asiyepata karo ya kuingia shule yenye timu hutoka kabla hajaonekana.

Visingizio vya mamlaka haviwezi kukubaliwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi waziwazi: serikali ya kitaifa inakuza michezo na elimu ya michezo, kaunti zinasimamia shughuli za michezo na vifaa vyake. Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii ipo, na hupata fedha kutokana na kodi ya michezo ya kubahatisha. Uwezo nao upo. Serikali ilipoamua kwamba sherehe za Madaraka za Juni 1, 2021 zifanyike katika uwanja wa Mamboleo, Kisumu, uwanja uliinuliwa na sherehe zikafanyika siku hiyo hiyo. Tarehe ikiheshimiwa kwa ajili ya wageni mashuhuri, iheshimiwe pia kwa ajili ya watoto wa mji huo.

Gharama ya mivutano ya viongozi tayari inajulikana. FIFA iliifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022 kwa sababu ya vita kati ya serikali na shirikisho. Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake, waliondolewa katika mchujo wa Kombe la Afrika na Uganda ikasonga mbele bila jasho. Mwaka huo huo wasichana wa Tanzania, Serengeti Girls, waliishinda Ufaransa na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasiozidi miaka 17 nchini India. Jirani alikuwa uwanjani, sisi tulikuwa kifungoni.

Yapo pia ya usalama. Baada ya mwanariadha Agnes Tirop kuuawa Oktoba 2021, kamati iliyoongozwa na Catherine Ndereba ilichunguza hali ya wanawake michezoni na kukabidhi ripoti yake. Mzazi anayemwachia kocha binti wa miaka 13 ana haki ya kujua ni pendekezo gani la ripoti hiyo limetekelezwa katika soka, na ni nani anayepokea malalamiko.

Hatua zinazohitajika hazina utata. FKF itangaze kalenda ya ligi ya wasichana wasiozidi miaka 15 na 17 ya mwaka mzima, kaunti kwa kaunti, na ichapishe hesabu za fedha ilizopokea kwa soka ya wanawake. Kaunti ya Kisumu itenge katika bajeti yake, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1, kiasi kinachojulikana kwa viwanja vya mitaa, usafiri wa timu na mafunzo ya makocha wanawake, na itaje saa ambazo wasichana watautumia uwanja wa Mamboleo. Wizara ya Michezo iweke sharti kwamba pesa za Hazina hazitolewi kwa timu ya watoto isiyo na afisa wa ulinzi wa watoto. Madiwani wadai taarifa ya utekelezaji kila robo mwaka.

Ofisa atakayeshindwa kuonyesha hayo aondoke ofisini kabla ya mchujo mwingine. Msichana wa Kaloleni hatakuwa na miaka 17 mara mbili.