Bei ya Kuanzia Mnadani

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mnada wa intaneti methali hiyo haitoshi, kwani hata kilicho chema hakinunuliwi kisipoonekana.

Televisheni ya taifa ya Burundi ilianza kurusha matangazo mwaka 1984. Chukua mfano wa askari mstaafu wa Buyenzi, mjini Bujumbura, aliyeihifadhi seti ya miaka ile: kasha la mbao, kioo kinene, swichi za kuzungusha. Seti za namna hiyo zina wapenzi wake, wakusanyaji wa vitu vya kale. Sasa ada za shule zinakaribia, naye ameazimia kuinadi.

"Baba watoto, anza na faranga elfu kumi," mkewe amshauri.

"Je, Mama, wakiichukua kwa elfu kumi hizo hizo?"

Kila mmoja ana hoja. Mwaka 1995 Pierre Omidyar, mwanzilishi wa mnada wa eBay, alinadi kifaa kibovu cha miali ya leza kwa kuanzia dola 1. Kilinunuliwa kwa dola 14.83. Mwaka 2006 watafiti Gillian Ku, Adam Galinsky na Keith Murnighan walieleza siri yake. Bei ndogo huwaita wengi. Aliyekwisha kutaja bei hataki kuona muda wake umepotea bure, hivyo huongeza. Naye ajaye baadaye, akiona wengi wanashindana, huamini kuwa kitu kina thamani. Lakini jina la kitu likiandikwa kwa makosa, watafutaji hawakioni, na faida ya kuanza chini hutoweka.

Hapo ndipo ilipo hofu ya mstaafu. Televisheni ya kale ni nzito, na kioo chake huweza kuvunjika safarini. Wanunuzi wake hasa ni wale wawezao kuifuata Bujumbura. Wakiwa wawili tu, hakuna ushindani, na mali itatoka kwa bei ya kutupa.

Basi yafaa kwanza kujua mnada una watu wangapi. Wakiwa wengi, aanze chini bila hofu. Wakiwa wachache, aanze na kiasi ambacho nyumba haitajuta kukipokea. Au, kama mnada unaruhusu, aweke bei ya siri ambayo chini yake hauzi. Aandike jina la kiwanda bila kosa, aoneshe picha za mbele na nyuma, wala asifiche ubovu. Mnada ufungwe jioni, baada ya mishahara kutoka. Mtu asilifungue kasha mwenyewe: umeme mkali huweza kubaki ndani hata waya ukiwa umechomolewa. Kazi hiyo ni ya fundi.

Mume na mke wapatane kabla ya tangazo kutolewa. Mnada ukishafungwa, aliyeshinda apewe mali yake kwa bei aliyoitaja, iwe kubwa au ndogo. Neno la askari halirudi nyuma.