Kumnyima Mgonjwa Si Kuinyima Saratani



Meru ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazotajwa sana kwa saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Nchi ile, pamoja na jirani yake Embu, imejaa maharage na maziwa. Lakini mgonjwa wa umio kwanza hukwamwa na tonge, kisha hata uji humshinda. Hapo ndipo huja jirani na shauri lililoenea mpaka huku kwetu pwani: msimpe nyama, mayai wala maharage, ili uvimbe ufe njaa.

Shauri hilo lina chembe ya ukweli, na kwa hiyo ni la hatari zaidi. Protini yoyote tulayo, iwe ya samaki au ya pojo za Mbeere tunazozipika kwa nazi, huvunjwa tumboni ikawa vipande viitwavyo asidi amino. Kwa aina 20 za vipande hivyo mwili hujenga misuli, damu na kinga. Seli ya saratani, kwa pupa yake ya kuzaana, huvitaka vivyo hivyo.

Mwaka 1953, John Kidd wa New York alibaini kuwa majimaji ya damu ya simbilisi, mnyama mdogo mithili ya sungura, huangamiza uvimbe wa aina fulani katika panya. Baadaye siri ikajulikana: mna kimeng'enya kiharibucho asidi amino moja, asparajini. Seli zetu nyingi hujitengenezea asparajini. Zile za saratani ya damu iwapatayo watoto aghalabu haziwezi, hutegemea iliyomo katika damu. Dawa ya asparajinesi huiondoa humo, nazo hufa. Ni dawa ya saratani hiyo, si ya kila saratani.

Sufuria haifanyi kazi hiyo. Mnyimeni mtoto maharage, mwili wake utaendelea kutengeneza asparajini, na kwa protini iliyopungua utaila misuli yake wenyewe. Wako hata wanaoifanya saumu kuwa dozi, hali ruhusa ya mgonjwa kula inajulikana na kila mwanafunzi wa chuoni!

Kwa anayemeza kwa shida, pondeni maharage mkayachuja, tieni maziwa katika uji. Na kabla ya kuondoa chochote katika sahani yake, muulizeni daktari anayemtibu, kwani wenye maradhi ya figo wana masharti yao.