VITA: NANI ANALIPA?

Wandugu wanafunzi,

Siku hizi katika rekreasio tunasikia maneno mengi ya vita. Wengine wanataja majina ya bunduki na ya droni kama vile wanataja wachezaji wa mupira. Wengine wa kilasi yetu ya sita wanasema: «Kusoma juu ya nini? Afazali kushika bunduki, vita itatengeneza inchi mara moja.» Sisi hatusemi kama kulinda inchi ni zambi. Tunauliza neno moja tu: mulikwisha kufanya hesabu?

Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mufalme anayetaka kwenda kupigana. Mbele ya kutoka, anaikaa kwanza na kufikiri kama watu wake elfu kumi wataweza kupambana na elfu makumi mbili. Mufalme yule alikuwa na akili. Wakubwa wengi wa leo hawaikai kuhesabu. Juu ya nini? Sababu si wao wanaolipa.

Tuhesabu basi hapa kwetu Kisangani. Sisi tulizaliwa nyuma ya ile Vita ya Siku Sita, lakini wazazi wetu waliiona. Toka tarehe 5 mupaka 10 juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yaliyoingia Congo kama marafiki, yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya muji wetu. Nyuma yake wajumbe wa Umoja wa Mataifa walihesabu: raia zaidi ya 760 walikufa, karibu 1 700 waliumia, nyumba zaidi ya 4 000 ziliharibika, watu 65 000 walikimbia, masomo 69 yalipigwa na mabomu. Masomo 69, wandugu! Na hakuna hata mwanafunzi mumoja aliyeomba ile vita.

Hiyo ni siku sita tu. Vita yote, toka 1998 mupaka 2003, ilikawia miaka 5. Shirika IRC lilikadiri kama watu milioni 5,4 walikufa toka 1998 mupaka 2007, zaidi ya wale ambao wangekufa kama kungekuwa amani. Kuna wenye elimu wanaosema hesabu ile ni kubwa kupita. Lakini uchunguzi ulionyesha neno la kutisha: wengi hawakufa na risasi. Walikufa na malaria, kuhara, magonjwa ya kifua na njaa, sababu dispansere ilifungwa, dawa hakuna, mashamba yaliachwa. Karibu nusu yao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Basi yule anayesema vita ni kazi ya wanaume, amekosa. Vita inatafuta kwanza mutoto mwenye homa.

Sasa feza. Congo ilishitaki Uganda ku korti ya La Haye mwaka 1999. Mwaka 2005 korti ilisema Uganda ina kosa. Bei yenyewe ilikatwa tarehe 9 februari 2022: dolari milioni 325, za kulipwa kwa mafungu 5 ya milioni 65. Katika hizo, milioni 225 ni juu ya watu, 40 juu ya mali, na 60 juu ya utajiri wa inchi. Congo ilikuwa imeomba zaidi ya miliari 11.

Kamateni kaye, muhesabu pamoja nasi. Taasisi SIPRI ya Sweden inasema kama mwaka 2024 dunia yote ilitumia miliari 2 718 za dolari juu ya majeshi. Gawanya na siku 366, halafu na saa 24. Utapata karibu milioni 309 kwa saa moja. Kumbe malipo yote ya Congo, wafu, wajeruhi, mama waliotendewa mabaya, nyumba, almasi, zahabu, ni sawa na saa moja na dakika tatu! Ni kipindi kimoja cha masomo na rekreasio yake. Mwalimu hajafuta ubao, feza ile imekwisha.

Juu ya nini Congo ilipewa kidogo vile? Sababu moja ni hii: korti iliuliza ushuhuda, majina, karatasi za kifo, bei ya vitu, na mara nyingi ushuhuda haukutosha. Mutatuambia: «Kati ya mabomu, nani ataenda ku biro kutafuta karatasi?» Ni kweli. Lakini iko vile: kisichoandikwa ni nguvu kulipwa.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili.

La kwanza: wakati wa likizo, kila mumoja aulize kwa heshima baba, mama na wazee wa jamaa. Aandike katika kaye: nani alikufa, jina lake, siku gani, nyumba ilikuwa wapi, masomo ya nani yalikatika. Wazee wanakufa, na hesabu zao zinazikwa pamoja nao.

La pili: wenzetu waliokimbia Ituri na Kivu, na wale waliokuja nyuma ya M23 kukamata Goma na Bukavu mwanzo wa mwaka 2025, wasichekwe juu ya kusema kwao, wala wasiitwe adui. Hawa ndio wanaolipa. Tuwapatie nafasi ku banki na tuwaazime kaye zetu.

Na wewe ndugu wa kilasi ya sita unayetaka kutupa kalamu mbele ya Examen d'État, ikaa kwanza kama yule mufalme. Hesabu. Kama unaona kama atakayelipa ni mutoto wa jirani yako, utasema bado vita ni njia fupi? Tunangoja jibu lako katika gazeti letu lijalo.

Kwa jina la wanafunzi wa kilasi ya sita,
Mukubwa wa wanafunzi