Besiboli ilikuzwa na kalamu, Katavi nasi tuishike

MTAJIE shabiki wa soka wa Mpanda neno besiboli, atakuuliza, "Ule mchezo wa marungu wa kwenye filamu?" Ndiyo, ule ule. Leo tuwaweke Simba na Yanga pembeni kidogo, maana mchezo ule una somo ambalo sisi wa Katavi tunalihitaji.

Kwa wasioujua, uko hivi. Timu moja inarusha, nyingine inapiga. Mrushaji anatupa mpira mdogo mgumu, mpigaji anaupiga kwa rungu kisha anatimua mbio kuzunguka vituo vinne. Akirudi alikoanzia bila kutolewa, timu yake ina pointi moja. Kila upande una zamu tisa za kupiga, na mwenye pointi nyingi ndiye mshindi.

Sasa nani aliuanzisha? Wamarekani waliimba jina moja kwa miaka mingi: Abner Doubleday, mwaka 1839, katika mji mdogo wa Cooperstown. Ikaundwa hadi tume mwaka 1905, nayo ikaigongea muhuri hadithi hiyo. Wanahistoria wameshaitupa. Mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, na maisha yake yote hakuwahi kudai kwamba alibuni mchezo wowote.

Ukweli ni kwamba besiboli ilianza kama mchezo wa watoto. Watoto wa Uingereza walikuwa wanapiga mpira na kukimbilia vituo, na jina la mchezo huo lilichapishwa London katika kitabu cha watoto cha mwaka 1744. Ukavuka bahari, kila mji ukaucheza kwa namna yake. Kwenye namna nyingi za zamani, mkimbiaji alitolewa kwa kutwangwa na mpira mwilini. Hapo dada zetu watacheka, maana hiyo si ndiyo rede? Kwenye rede nako ukipigwa na mpira umetoka.

Tofauti ni moja tu. Rede imebaki uani na kwenye viwanja vya shule, kila mtaa na sheria zake. Besiboli ilipata watu wa kuiandika.

Mwaka 1845 klabu ya Knickerbocker ya New York iliweka kanuni kwenye karatasi. Kumtwanga mkimbiaji na mpira kukapigwa marufuku, na mistari ikaamua mpira upi uko ndani na upi uko nje. Juni 19, 1846 wakacheza na timu nyingine kwa kanuni hizo kule Hoboken. Wakachapwa 23 kwa 1! Lakini leo ni wachache wanaowajua washindi wa siku ile. Walioandika ndio wanaokumbukwa.

Halafu akaja mtu wa kazi yetu. Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza, mwaka 1859 alitengeneza jedwali la mechi: jina la kila mchezaji, amefanya nini, mara ngapi. Jedwali likaingia magazetini, na mtu ambaye hakufika uwanjani akaweza kubishana kuhusu mchezaji ambaye hajamwona. Mwaka 1869 ikapatikana timu ya kwanza ya kulipwa waziwazi, Cincinnati Red Stockings, na mwaka 1876 ikazaliwa ligi ambayo ipo hadi leo.

Japani waliupokea mchezo huo kupitia shule. Mwalimu Mmarekani, Horace Wilson, aliufundisha Tokyo mwaka 1872. Mwaka 1915 gazeti la Asahi, narudia, gazeti, likaanzisha mashindano ya taifa ya shule za sekondari. Tangu mwaka 1924 yanachezwa kwenye uwanja wa Koshien, na nchi nzima huyafuatilia.

Kinachonigusa mimi ni mfumo wao. Kila mkoa unatoa bingwa wake, Tokyo na Hokkaido mabingwa wawili wawili, jumla timu 49. Tottori ndio mkoa wenye watu wachache kuliko yote Japani, hawafiki hata 600,000. Kila kiangazi nafasi yake ipo. Katavi kwa sensa ya mwaka 2022 tuna zaidi ya milioni 1.1. Tottori wanaingia karibu mara mbili kwetu!

Msidhani mambo haya ni ya mbali. Besiboli ilianza kufundishwa Dar es Salaam mwaka 2012, Mjapani Shinya Tomonari akishirikiana na shule ya sekondari Azania. Mwaka huo huo ndio Katavi ilipozaliwa rasmi kama mkoa. Kwa hiyo sisi na besiboli ya Tanzania ni marika. Mwenzetu mwaka 2018 alishapata uwanja wake pale Azania na ana mashindano ya taifa yaliyopewa jina la Koshien. Sisi je?

Uganda nao wana la kutufundisha, na lao liliwauma. Mwaka 2011 watoto wao walifuzu Kombe la Dunia la watoto linalochezwa Williamsport, Marekani. Hawakwenda. Visa zilikataliwa kwa sababu ya kasoro kwenye nyaraka za umri. Watoto walishinda uwanjani wakafungwa na makaratasi. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikafika, ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2022 Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, wakasajiliwa na Los Angeles Dodgers.

Turudi nyumbani. Fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020 ilichezwa Sumbawanga, mwaka 2021 ikachezwa Kigoma. Imetupita kushoto na kulia. Tunalalamika hatuna uwanja, hatuna mdhamini. Sawa, malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini kuna jambo lisilosubiri mdhamini.

Niliwahi kufuatilia mashindano fulani ya vijana, nikaomba orodha ya wafungaji. Nikapewa matokeo ya mechi, basi. Mfungaji bora akawa "yule dogo wa jezi namba tisa". Skauti akipanda treni hadi Mpanda, tutamwonyesha nini? Dogo wa jezi namba tisa ameshamaliza shule, yuko Karema anavua au Inyonga analima tumbaku. Hakuna karatasi inayosema aliwahi kufunga hata bao moja.

UMISSETA ipo kila mwaka, kuanzia shuleni hadi wilaya, mkoa na taifa. UMITASHUMTA nayo ipo kwa shule za msingi. Mfumo wa kufanana na Koshien tunao tayari, tunachokosa ni daftari. Kila shule iandike jina kamili la mchezaji, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, dakika alizocheza, mabao, kadi. Nakala ibaki shuleni, nyingine iende wilayani, ya tatu ije kwetu magazetini na redioni. Daftari halizidi bei ya soda chache.

Mtaniambia karatasi haifungi mabao. Kweli kabisa. Lakini karatasi ndiyo inayomtoa mfungaji Mishamo na kumfikisha mezani kwa kocha wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kukanyaga Katavi. Besiboli ilijua hilo tangu mwaka 1859. Walimu wa michezo, msimu ujao kabla ya kutafuta jezi, tafuteni daftari na mtoto mwenye mwandiko mzuri. Sisi waandishi tupeni majina, kuyachapa ni kazi yetu.